Msaragambo wa Kusafisha Wingu

Aliye mbali asogee, aliye karibu asisinzie, na mwenye majibu ya kila kitu ayafunge kwanza kwenye pindo la kanga, maana mwishoni tutamtaka ayafungue mbele ya watu.

Katika kijiji cha Kwamrindoko, juu milimani Upare, walikuwapo watu watatu wenye vipaji vitatu na vichwa vigumu vitatu. Vipaji nitavieleza. Vichwa mtaviona wenyewe.

Wa kwanza alikuwa Nakiete, mkulima wa tangawizi, mama wa watoto wawili. Kipaji chake kilikuwa sikio. Aliweza kumsikiliza mzee akirudia kisa kimoja mara nne, na mara ya tano akaokota neno lililowapita wengine wote. Msidhani kwamba mtu wa kusikiliza ni mpole. Mumewe alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba kubishana na Nakiete ni kuikataza mvua isinyeshe, na aliyasema hayo akiwa ameshalowa.

Wa pili alikuwa fundi Kallaghe, mtengenezaji wa simu wa pale senta. Kipaji chake kilikuwa mikono. Simu iliyotumbukia chooni, simu iliyochemshwa pamoja na maharage, simu iliyotafunwa na ndama, zote zilipita kwake zikatoka zinaongea. Alikuwa na kompyuta aliyoiunga kutokana na maiti za kompyuta nne, naye aliipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake. Kasoro yake ni kwamba hakuweza kumweleza mtu jambo bila kumfanya ajione mjinga.

Wa tatu alikuwa Bibi Eliwaza, aliyebakiza mwaka mmoja kufika themanini. Kipaji chake kilikuwa kungoja. Msicheke, kungoja ni kazi. Mwanawe Elisante aliondoka kwenda kutafuta maisha, akapiga simu siku moja, akasema atapiga tena. Hiyo ni miaka kumi na mitatu iliyopita. Tangu siku ile Bibi Eliwaza hakubadili laini, hakumwazima mtu simu yake ya vitufe, wala hakuiacha izime. Kila Jumapili baada ya ibada alipanda mpaka Jiwe la Kengewa, mahali pekee ambapo mtandao unashika sawasawa, akakaa kidogo, akashuka. Waliomcheka walichoka wenyewe.

Sasa mjue kwamba Kwamrindoko haili wala hainywi bila ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo mababu walilijenga juu ya mashamba. Usiku maji ya chemchemi hujaa humo, asubuhi mzibo hufunguliwa, na maji hushuka kwenye mfereji mpaka shamba la mwenye zamu. Kila mwaka kabla ya kiangazi hupigwa baragumu la msaragambo, yaani kazi ya wote: kila nyumba itoe mtu na jembe, tope litolewe, ndiva irudishiwe nafasi yake. Asiyetokea huimbwa wimbo wa uvivu mpaka aone haya kupita njiani.

Miaka saba nyuma, Nakiete aliwachukua wazee sita wa koo sita, akatembea nao mmoja mmoja kuanzia chemchemi mpaka mkiani mwa mfereji. Yeye alishika simu, wao walishika fimbo. Huyu akasema babu yake alivunjika mguu akipasua mwamba ule. Yule akasema kona hii iliitwa kwa jina la mwanamke aliyeichimba akiwa mjamzito. Sauti zote akazinasa. Watu walimwambia anapoteza vocha kwa kurekodi wazee wakikohoa, naye akawajibu kwamba hata kikohozi chao kina tarehe.

Kisha akaziweka winguni, lile ghala la mtandaoni ambalo mtu huweka picha na sauti zake bila kuona zinakokwenda. Alifungua akaunti kwa jina la kikundi cha maji. Ilipotakiwa namba ya simu, akajiuliza ni nani Kwamrindoko ambaye namba yake itakuwa ile ile baada ya miaka kumi. Hakufikiri sana. Akaandika namba ya Bibi Eliwaza. Mwaka uliofuata simu yake aliyorekodia ilidondoka mferejini ikafa, lakini hakuililia, kwa kuwa sauti zilikuwa salama.

Zilikuwa salama mpaka kijiji kilipozifanyia usafi.

Ilikuwa hivi. Siku moja ujumbe uliingia kwenye simu ya kikundi ukisema kwamba nafasi ya wingu iko karibu kujaa. Nakiete hakuwapo, alikuwa Same akimuuguza dada yake. Mzee Senzighe, mwenyekiti wa kikundi, aliusoma ujumbe mara mbili, akafanya jambo ambalo mwenyekiti yeyote wa ndiva angelifanya. Kitu kimejaa, akapiga baragumu. Kila nyumba ikatoa mtu. Na kwa kuwa tope la zamani ndilo zito, na ndilo hukaa chini, wakaamua waanze kutoa vya zamani. Wakazifuta sauti za wazee sita, zote, huku wakipokezana simu kwa zamu na kuimba. Wakaziacha picha za harusi na za mbuzi dume wa mashindano, maana hizo zilikuwa mpya. Walipomaliza wakafunga akaunti, yaani wakaitoa kwenye simu ya kikundi, kwa sababu ndiva ikishasafishwa hufungwa. Mzee Senzighe akawashukuru, wakaenda kunywa pombe ya miwa. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, na hapo ndipo penye kuuma.

Hazikupita wiki mbili, ikaja barua. Kampuni moja ya kilimo iliyokodi ardhi kule tambarare ilidai kwamba chemchemi haina mwenyewe, na kwamba mfereji umechimbwa juzijuzi na wavamizi. Ilitaka kuyafunga maji yote kwenye bomba na kuyashusha kwake. Baraza la ardhi likaketi. Wakili wa kampuni akaomba kijiji kilete mashahidi wanaojua mfereji ulivyochimbwa. Kati ya wazee sita, watano walikuwa wameshazikwa. Bibi Eliwaza, aliyekuwa wa sita, akasimama. Wakili akamtazama, akasema kwa adabu zote kwamba bibi mmoja hawezi kuwa ushahidi wa mfereji wa kilomita nne. Mwenyekiti wa baraza akatoa siku tano: waje na wazee wengine, au waje na kitu kinachowasemea.

Nakiete alitoka pale akitabasamu, kwa kuwa kitu cha kuwasemea wazee alikuwa nacho. Alipofika nyumbani kwa Mzee Senzighe na kuomba simu ya kikundi, mzee alimpa habari za msaragambo kwa fahari. Nakiete alikaa chini palepale kwenye maganda ya mahindi. Shamba lake lilikuwa mkiani kabisa mwa mfereji. Bomba likija, wa kwanza kukauka ni yeye, na tangawizi haijui kusamehe. Aliona majani yake ya manjano kabla hayajawa ya manjano. Lakini hasira ilimshika kuliko hofu, na hasira kwa Nakiete ilikuwa miguu. Akainuka, akashuka mpaka senta.

Fundi Kallaghe alimsikiliza bila kuinua kichwa kwenye simu aliyokuwa akiifungua. Kisha akamwambia kwamba watu wa Kwamrindoko wanadhani wingu liko juu, ndiyo maana wanalikodolea macho badala ya kulisoma. Akamwambia kitu kikifutwa huko hakifi siku hiyo, hutupwa kwenye pipa la taka, na pipa hilo hukaa siku thelathini kabla ya kumwagwa. Akauliza msaragambo ulikuwa lini. Nakiete akahesabu kwa vidole, akarudia. Siku ishirini na nane.

Wakajaribu palepale kwa mtandao wa kudonadona. Neno la siri Nakiete alilijua. Lakini wingu, likiona kompyuta ngeni, likasema neno la siri pekee halitoshi: litatuma tarakimu sita kwenye namba iliyofungulia akaunti, na tarakimu hizo zitaishi dakika kumi tu.

Basi wakaenda kwa Bibi Eliwaza. Kallaghe, kwa haraka zake, akasema amtolee laini, aichomeke kwenye simu yake mwenyewe, apande Jiwe la Kengewa mara moja, airudishe jioni. Bibi akaifunika simu kwa viganja viwili.

"Laini hii haitoki humu," akasema. "Miaka kumi na mitatu haijatoka. Itoke leo kwa saa moja tu, na saa hiyohiyo Elisante apige?"

Kallaghe akafungua mdomo kusema jambo la kitaalamu. Nakiete akamkanyaga mguu.

"Basi bibi, tutakubeba mpaka juu," Nakiete akasema.

"Mimi sijabebwa tangu mama yangu aniweke chini. Kesho asubuhi nitakuwa jiweni. Nyie msichelewe."

Kesho yake walipanda watatu. Kallaghe alibeba kompyuta mgongoni na betri ya pikipiki kichwani, akilaani kila kokoto. Njia ile hata mbuzi huifikiria kwanza. Nakiete alitangulia kufyeka miiba. Bibi Eliwaza alipanda nyuma yao kwa mwendo wake wa Jumapili, akipumzika pale alipozoea kupumzika, na kila walipogeuka kumtazama aliwaambia watazame mbele.

Jiweni, Kallaghe akabonyeza. Wakangoja. Simu ya vitufe ikalia ndani ya mikono ya Bibi, na kwa kitambo kifupi sana uso wake ukawa wa mama kijana. Nakiete aliuona, akatamani asingeuona. Kisha Bibi akasoma namba, moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma majina kanisani. Tarakimu ya sita ikaingia. Wingu likafunguka.

Msidhani kazi iliishia hapo. Sauti zilikuwa arobaini na tatu, na mtandao ulikuwa ukija na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Kallaghe alizitoa pipani moja baada ya nyingine, akaishusha kila moja ndani ya kompyuta, ikikatika anaanza upya. Waya wa betri ulipolegea akaushika kwa meno ili usichomoke. Jua liliwapiga tangu asubuhi mpaka alasiri, wala hakuinuka hata kunywa maji. Ya arobaini na tatu ilipokamilika, kompyuta ya maiti nne ikazima, na ilikuwa imezipokea zote.

Siku ya baraza zikapigwa. Ukumbi mzima ulisikiliza wafu wakitaja mawe, kona, magonjwa, ndoa na ugomvi, koo sita zisizopendana zikikubaliana juu ya mfereji mmoja. Mwanamume mmoja alisikia kikohozi cha baba yake akatoka nje. Wakili akauliza sauti hizo zilikuwa wapi miaka yote. Wakamwambia, winguni. Mwenyekiti wa baraza, mtu mzima asiyependa kudanganywa, akavua miwani.

"Nielezeni. Hilo wingu ni nini?"

Nakiete akajibu kwanza. "Mheshimiwa, ni ndiva. Usiku unaweka, asubuhi unachota. Usipoweka kitu hakuna wingu, kuna jina tu."

Kallaghe hakuvumilia. "Si ndiva wala si juu, mheshimiwa. Ni kompyuta ya mtu mwingine, nchi nyingine, kwenye chumba cha baridi. Ina sheria zake. Anayezijua hutoka na mali, asiyezijua hutoka na wimbo wa msaragambo."

Bibi Eliwaza hakuulizwa, lakini alisema. "Mimi sijui chumba. Najua lilipotaka kufunguka, lilitafuta mtu ambaye hajahama. Vitu vyote hukaa pale alipo mtu ambaye hajahama."

Mwenyekiti aliandika majibu yote matatu, hakuchagua. Akaamua kwamba mfereji ni wa Kwamrindoko, na chemchemi inaendelea kuulisha kama siku zote. Wakili akakusanya karatasi zake. Watu wakaimba kutoka barazani mpaka mlimani, na safari hii wimbo haukuwa wa kumsuta mtu.

Laiti wangeishia hapo, ningekuwa nimeshawaaga. Lakini Kwamrindoko wana desturi: aliyekiokoa kijiji katika jambo zito hupewa zamu ya kwanza ya kiangazi, ndiva nzima, siku nzima, bila kugawana. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Baada ya zamu ya kwanza, mzunguko ungewarudia siku kumi na tisa baadaye. Tangawizi ya Nakiete ilikuwa imeanza kukunja majani, na isingefika siku kumi na tisa. Kallaghe alikuwa amepanda miche ya kahawa kwa mara ya kwanza maishani, ili watu waache kusema kwamba fundi hana kwao. Nayo isingefika. Bibi Eliwaza alikuwa na kipande cha magimbi, na hicho ndicho alichokuwa akila, na udongo wake ulikuwa umeshapasuka.

Wakakutana asubuhi ukingoni mwa ndiva. Ilikuwa imejaa. Wengine wakasema apewe Bibi, kwa heshima ya umri. Bibi akagonga fimbo chini.

"Msinipe kwa sababu ya mvi. Hata mbuzi ana mvi. Mkinipa, nipeni kwa kuwa nilikuwepo."

Wengine wakasema fundi atolewe katika hesabu, kwa kuwa kutengeneza ni kazi yake. Kallaghe akawauliza ni nani katika wao aliyewahi kumwona fundi akishika waya kwa meno mchana kutwa, na kama yupo, ajitokeze amfundishe kazi.

Hapo Mzee Senzighe, ambaye tangu habari ya msaragambo alikuwa mpole kupita kiasi, akaleta suluhu. Maji yagawiwe mafungu matatu, kila mmoja apate chake, undugu ubaki. Watu wakashusha pumzi. Nakiete akahisi macho yote yakimbembeleza akubali.

Akakataa.

Aliwaambia kila mtu pale anajua kwamba theluthi ya ndiva hainyweshi shamba, hunywewa na mfereji njiani. Mkigawa mara tatu mtakausha mashamba matatu kwa upendo mkubwa. Akawaambia mkiani ndiko anakolima, hivyo anajua maji hufia wapi. Aliitaka ile zamu, na hakuona haya kusema kwamba anaitaka. Kama asingewafuata wazee kwa miguu, leo kungekuwa na pipa la taka lisilo na kitu ndani, na laini ya simu inayopokea tarakimu za kufungulia picha za mbuzi. Lakini hata alipokuwa akisema alijua, ndani kabisa, kwamba sauti zake zilikuwa zimekufa siku ishirini na nane, na hakuzifufua yeye. Alijua pia uso aliouona juu ya jiwe, simu ilipolia. Kujua huko hakukumnyamazisha. Kulimfanya aseme kwa nguvu zaidi.

"Mmeogopa kuchagua," akasema, "kwa hiyo mnatuita ndugu. Sisi ni ndugu tangu zamani. Leo mmeulizwa jambo jingine. Baraza liliuliza wingu ni nini, tukatoa majibu matatu, na hakuna aliyesema lipi ni la kweli. Semeni leo. Mkisema ni ndiva, maji ni yangu. Mkisema ni kompyuta ya watu wenye sheria zao, mpeni fundi, nami nitashika jembe nimtengenezee njia. Mkisema ni mtu ambaye hajahama, yashushieni magimbi ya Bibi, na tangawizi yangu ife nikiitazama. Lakini msitupe theluthi. Theluthi ni kusema kwamba hakuna aliyefanya kitu."

Kallaghe, ambaye hakuwa na desturi ya kumuunga mkono mtu, akasema dada Nakiete amesema kweli. Bibi Eliwaza akaketi kwenye ukingo, simu mapajani, kama mtu ambaye hana pengine pa kwenda.

Mzee Senzighe ameshika mzibo. Jua limepanda. Maji yamefika juu ya ukingo, yameanza kumwagikia korongoni, upande ambao hakuna aliyelima wala aliyepanda kitu. Watu wanatazamana, na kila anayetazamwa anatazama viatu vyake.

Sasa fungueni pindo zenu, nyie wenye majibu. Msiniambie wote wamestahili, hilo hata Mzee Senzighe alilisema. Nakiete aliweka, Kallaghe alitoa, Bibi Eliwaza alibaki. Ondoa mmoja, na leo bomba lingekuwa limeshapita. Je, wewe ungeufungua mzibo kwa ajili ya nani? Na utakapotaja jina, wapo wawili watakaotazama mashamba yao yakikauka na kukuuliza kwa nini. Utawajibu nini?